Mama Kwenye Ukungu, Mimi Kwenye Vumbi

Simu ya mama haianzagi na salamu, inaanzaga na mvua. "Huko kwenu kumekauka?" ndo neno la kwanza, mi namjibu kumekauka mama, vumbi tupu, na yeye ananiambia huku tangu juzi hatujaona jua, ukungu umelala mpaka mlangoni, baada ya hapo ndo shikamoo inapata nafasi, wajukuu wanaulizwa, mengine yanafuata. Kwa miaka mingi nilichukulia ni mazoea ya mtu mzima anayekaa peke yake. Kumbe ananiuliza jambo zito kuliko yote, na leo nataka niandike kwanini.

Mama yuko Kibosho, juu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mi nakaa chini Moshi mjini upande wa Karanga, nina kibanda cha chai na maandazi sio mbali na mto. Ukipanda gari stendi hata saa nzima haiishi umeshafika kwake, lakini ndani ya huo muda unaweza ukaondoka mjini na kandambili na kitenge chepesi ukafika unaomba sweta. Mjini tuko kwenye mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, kwa mama ni mita kama mia sita zaidi, na kila mita 100 unazopanda joto linapungua karibu nyuzi 0.6, kwahiyo hapo tu umeshapoteza nyuzi tatu au nne kabla hata mvua haijahesabiwa. Na mvua ndo inatutenganisha kabisa. Mjini kwa mwaka inanyesha kama milimita 900 hivi, ukipanda mpaka ukanda wa msitu upande huu wa kusini, kwenye mita 2,200 huko, inaweza kufika hata 3,000, alafu ukizidi kupanda inapungua tena mpaka kileleni ni pakavu, hata 200 haifiki. Mlima mmoja, na kila mtu anaishi kwenye ngazi yake.

Sisi kwetu tuna mtu kwenye kila ngazi. Mi chini, mama katikati, na mdogo wangu wa kiume ni mgumu. Kama hujazoea hilo neno, wagumu ndo wale vijana wanaobebea wageni mizigo mlimani, mahema, vyakula, meza, viti, mpaka kambi ya Barafu kwenye mita 4,600 na zaidi. Kwahiyo siku hiyo hiyo moja, mwezi wa saba, mi nimevaa sweta nimekaa chini ya wingu la kijivu ambalo halitaki kuondoka, mama hata mgomba wa tatu kutoka mlangoni hauoni kwa ukungu, na dogo akipata mtandao anatuma picha yuko kwenye jua kali, anga la buluu, na chini yake mawingu yametandazwa kama pamba mpaka mwisho wa macho. Sisi tuko chini ya hiyo pamba. Mara ya kwanza kuona hiyo picha nilikaa nikaiangalia muda mrefu sana, kwasababu nilikuwa nadhani wingu likishatufunika sisi basi limefunika dunia.

Inavyotokea ni kwamba kuanzia mwezi wa tano hivi upepo unageuka, unakuja wa kusi kutoka baharini, umebeba unyevu na ubaridi, ukifika kwenye mlima hauna pa kwenda isipokuwa kupanda, na hewa ikipanda inapoa, ikipoa unyevu unageuka wingu. Sasa mwezi wa sita, wa saba na wa nane lile wingu linakaa kwenye mteremko wa kusini, Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, na linafika mpaka mjini, linatulia kama mfuniko wa sufuria. Halinyeshi mvua ya maana, manyunyu tu, lakini jua nalo haliachii. Arusha wenzetu ni zaidi, kule wako mita 1,400 na Meru imewakalia mgongoni, mtu wa Sanawari au Ilboru akisema baridi muamini, si unawaona makonda wa kule Julai na jaketi zao na kofia za marvini mpaka saa sita mchana.

Baridi hiyo mi naipimia kwenye beseni.

Nakanda kilo nne za unga kila siku, hamira, sukari, chumvi kidogo, iliki niliyotwanga mwenyewe, na maji ya vuguvugu. Januari na Februari, joto la Moshi likiwa limeshika kweli kweli, yani usiku unalala umefungua dirisha na bado shuka linakuwa zito, huo unga ukikandwa saa tatu usiku saa tano umeshafurika umesukuma mfuniko, ukiuacha mpaka asubuhi unachacha, kwahiyo miezi hiyo naamka saa nane na nusu usiku ndo nakanda. Julai ni kinyume. Mwaka wa kwanza wa biashara sikulijua hilo, nikakanda usiku kama kawaida nikaenda kulala, saa kumi alfajiri nafunua beseni unga uko vile vile nilivyouacha, umepoa, ukibonyeza ni kama udongo wa kufinyangia. Nikakata hivyo hivyo kwasababu wateja wa saa kumi na mbili hawasubiri. Andazi la unga ambao haujaumuka linaingia kwenye mafuta linazama mpaka chini, linachelewa kuelea, linakuja juu dogo, zito, nje limeshaiva ndani bado. Siku ile nilirudi na maandazi zaidi ya nusu, na zilikuwa hela za unga wa siku ya pili.

Aliyenifundisha ni mama mmoja jirani ambae amekaanga maandazi kabla mi sijazaliwa. Chukua boksi kubwa, weka sufuria la maji yaliyochemka ndani yake, weka ubao juu, beseni juu ya ubao, funga boksi, tupia blanketi. Katikati ya usiku unaamka unabadilisha maji. Hamira ni kitu chenye uhai, akaniambia, kinataka joto kama mtoto anavyotaka joto. Tangu siku ile Julai yangu ni ya kuamka mara mbili, na andazi linatoka limejaa, ukilipasua unaona vile vishimo vya hewa ndani. Faida ya baridi ni kwamba chai inatoka sana, ile ya tangawizi, naongeza chupa mbili nzima, bodaboda akishuka kwenye pikipiki asubuhi mikono imeganda kwenye usukani anashika kikombe kwanza kwa viganja viwili kabla hajanywa.

Nguo zinaturudisha nyuma. Unaanika sare za watoto Jumamosi, Jumapili jioni unashika kola bado ina maji, soksi ndo usiseme, unaishia kupiga pasi juu ya unyevu mpaka mvuke unatoka. Na hapa nina jambo nataka nilizungumze bila kuzunguka. Kwenye uwanja wa nyumba nilikopanga, mwaka juzi mwezi wa saba, dada mmoja aliingiza jiko la mkaa chumbani usiku, akazungushia viti akatandika sare za watoto zikauke na wao wapate joto, akafunga mlango na dirisha. Sio kwamba ni mzembe, ni mama anayejali watoto wake, alitaka waende shule na nguo kavu. Saa kumi natoka kwenda kuangalia beseni langu nasikia mtoto analia kilio cha ajabu, cha chini chini, kama mtu anayelia usingizini. Nikagonga, kimya. Tukasukuma mlango. Mama mtu anajaribu kuamka miguu haimbebi, anatapika, mtoto mkubwa hashtuki mpaka tulipomtoa nje kwenye hewa. Walipona wote, Mungu ni mwema, walifikishwa hospitali mapema. Lakini nilijifunza siku ile kwamba mkaa ukiwaka sehemu iliyofungwa unatoa gesi inaitwa kaboni monoksidi, haina harufu, haina moshi wa kukuwasha macho, unaivuta umelala na usingizi unazidi kuwa mzito. Jiko hata kama limebaki makaa mekundu tu bila moshi bado linatoa. Toeni jiko nje kabla ya kulala, sare ziende mbichi, mwalimu atagomba, basi.

Kwa mama baridi inashika kahawa. Mavuno huko yanaanza kama Julai yanakwenda mpaka karibu na Desemba, wanachuma zile nyekundu tu, wanamenya kwenye mashine, wanaichachusha, wanaiosha, alafu wanaanika. Jua likiwepo ni mambo ya wiki na kitu. Ukungu ukilala, mama anashinda na kahawa kama anauguza mgonjwa, anaifunua jua likichungulia, anaigeuza na mikono, manyunyu yakianza anaifunika na turubai, anafunua tena, kwasababu kahawa ya maganda ikilowana tena baada ya kuanza kukauka inaota ukungu na bei yake imekwisha hapo hapo. Hata ndizi za kuivisha kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, zinachelewa, zinakaa darini juu ya moto siku nyingi kuliko kawaida, na mbege yenyewe kuchachuka inachelewa. Nikimpigia simu muda huo anaongea huku anatembea, nasikia pumzi yake, nasikia turubai linaburuzwa.

Mdogo wetu ndo anakula miezi hiyo. Mlimani wageni wanajaa kuanzia mwezi wa sita mwishoni mpaka wa kumi, alafu tena Januari na Februari. Aprili na Mei hakuna kitu, mvua, njia zinateleza, mgeni hapandi, na wagumu wengi wanarudi vijijini kulima au wanakaa mjini wanapiga vibarua. Kwahiyo kwetu hela inashuka mlimani wakati wa baridi inakutana na mahitaji ya kule kwa mama, na wakati wa masika hela ya dogo imekauka ila shamba ndo linataka kila kitu, mbegu, mbolea, trekta, vibarua. Tumejifunza kumtunza yeye Aprili ili atutunze sisi Agosti. Hatukukaa kikao kulipanga hilo, hali ya hewa ndo ilitupanga.

Shamba ninalosema sio kihamba. Watu wa mlimani wengi wana sehemu mbili, kihamba nyumbani kwenye migomba na kahawa, na shamba la chini huku tambarare kwa ajili ya mahindi na maharage. Letu liko njia ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC, joto la kule ni lingine kabisa, mama akishuka anavaa kofia ya majani na anakunywa maji mpaka namhurumia. Mahindi ya masika yanatakiwa yaingie ardhini mvua za kwanza za mwezi wa tatu, ukichelewa wiki mbili umechelewa mavuno. Na kuvuna sio mahindi peke yake, mabua yanapandishwa juu kwa ajili ya ng'ombe, maana kule juu hakuna malisho, ng'ombe anafungiwa bandani analetewa. Utawaona akina mama na zile mizigo ya majani kichwani, au imejazwa juu ya gari mpaka gari halionekani. Huku chini ndo kunalisha ng'ombe wa kule juu, na samadi ya kule juu ndo inalisha migomba.

Shida ni kwamba mvua za kwanza zimeacha kuwa za kuaminika. Mama alikuwa anapanda kwa kuangalia dalili, upepo umegeuka, wingu la jioni limesimama upande fulani, mchwa wamepanda juu, na alikuwa hakosei sana. Miaka hii mvua inaweza ikanyesha siku tatu mwanzoni mwa Machi, watu wote wakakimbilia tambarare, mbegu ikachipua, alafu jua likapiga wiki tatu mfululizo. Mwaka mmoja tulipanda mara mbili, na mbegu ya mara ya pili ni mi nilinunua kwa hela ya kikoba. Sahivi namsomea utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa wa msimu kabla masika haijaanza, wanatutaja kabisa, nyanda za juu kaskazini mashariki, na kila siku wanatoa wa saa 24. Anasikiliza kwa makini sana. Alafu ananiambia sawa, ila hao wanasema mkoa, waambie wanijibu mi wa hapa. Na ana hoja, kwasababu mkoa mmoja huu una mimi na yeye na dogo, na siku moja sisi watatu tunaweza tukawa na hali ya hewa tatu.

Masika ya 2024 yalikuja baada ya vuli ya El Niño na ardhi ilikuwa haijapumzika. Aprili ile ndo Arusha gari la shule lilisombwa na maji korongoni, watoto wakapotea, mji mzima ukanyamaza, na huku Moshi nako watu walikufa kwenye mafuriko na maporomoko. Kwa mama ilianguka migomba. Mgomba wenye mkungu ni mzito juu na mizizi yake ni mifupi, udongo ukishakuwa uji upepo kidogo tu unalala, ndo maana wanauegemeza na mti wenye panda, ila mwaka ule hata hiyo miti iling'oka. Alihesabu mikungu 14 ambayo ilikuwa haijakomaa. Aliikata ile midogo akawapa ng'ombe, ile ya wastani tukapika mtori na machalari wiki nzima, akawaita majirani. Namkumbuka amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi changa kiasi kwamba utomvu ulimganda kwenye vidole, haongei.

Watu wanapenda kuongelea barafu ya kilele cha Kibo, na ni kweli inaisha, tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 imeshapotea, mama mwenyewe anakuonyesha kwa kidole mahali ilikuwa inafika akiwa msichana. Inaniuma kuitazama. Lakini maji ya mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia, na mito yetu kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye mvua na ukungu wa msituni, sio kwenye barafu, ule msitu ndo tanki letu. Kwahiyo Oktoba 2020 mlima ulipowaka moto, na usiku tukiwa mjini tunaona mstari mwekundu kule juu gizani, mi nilikuwa nawaza msitu, na dogo aliyekuwa huko juu alikuwa hapatikani kwenye simu, betri imeisha, au ndo nilivyojipa moyo. Alishuka salama. Moto ukaja ukazimwa.

Sasa nirudi kwenye simu ya mama.

Masika iliyopita, siku ya Jumatano, saa nane mchana, huku chini jua linawaka. Yani jua haswa, watu wametoa magodoro nje. Pale mtoni kuna sehemu vijana wanaoshea pikipiki, wanaziingiza mpaka kwenye maji, na watoto waliotoka shule wanaoga pembeni, kina mama wawili watatu wanafua wanaanika kwenye mawe. Mto ulikuwa chini, unavuka bila kukunja suruali ukapita magotini. Simu ikaita, sikuulizwa kama kumekauka. Mama alikuwa anapiga kelele kushinda bati, nyuma yake kulikuwa na ule mngurumo wa mvua kubwa juu ya mabati ambao ukishausikia hausahau, akasema, "Inanyesha tangu saa sita, na juu zaidi kumefunga kabisa, mfongo umepasuka. Watoto wako wapi?"

Wangu walikuwa kibandani. Nikaacha karai kwenye moto, nikamwambia binti yangu zima jiko, nikashuka mbio. Nikawaambia tokeni, huko juu inanyesha. Kijana mmoja akaangalia juu, akaniambia kwa heshima tu, mama mbona kweupe. Nikamwambia usiangalie juu, angalia kule, nikamwonyesha mlima, na mlima haukuwepo, pale unapokaa Kibo palikuwa peusi kama moshi wa tairi. Akazima mziki kwenye simu yake. Wakaanza kutoa pikipiki, mbili zilikuwa zimezama kwenye mchanga tukazisukuma wote, kina mama wakakusanya nguo mbichi, watoto nikawapandisha mi mwenyewe mmoja mmoja mpaka kwenye njia.

Tulikaa juu ya ukingo tunasubiri. Dakika kama arobaini hakuna kitu, maji ni yale yale, safi, na nikaona mmoja anataka kushuka tena kumalizia kusuuza. Alafu maji yakabadilika rangi. Kwanza kama chai uliyotia maziwa kidogo, alafu udongo kabisa, na sauti ikafuata, mawe yanagongana chini ya maji, na ule mto wa magotini ukajaa ukapanda kwenye yale mawe waliyokuwa wameanikia, ukayafunika. Jua bado linawaka. Yalipita magogo, ukapita mgomba mzima na mizizi yake unajigeuza, na mkungu bado umeushika, mbichi kabisa. Niliufuata kwa macho mpaka ukapotea chini ya daraja, nikawa najiuliza umetoka shamba la nani.

Nikapiga simu. Mvua kwake ilikuwa bado, ila alinisikia.

"Yamefika?"

"Yamefika mama."

"Wametoka?"

"Wametoka wote."

"Haya," akasema, "ngoja nikafunike kuni. Shikamoo yako nitaipokea jioni."